Mupira wa moto: namna ya kuuchagua na kuutayarisha kwa njia za Kamina

Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, njia moja tu ya hapa Katoto inaweza kukuonyesha sura tatu katika siku moja. Asubuhi ni matope. Saa sita jua limekausha juu, lakini chini bado kuko utelezi. Magharibi muchanga umerudi kuwa laini, na mbele kidogo unakuta udongo mwekundu mugumu wenye mawe. Shofere wa moto anapita pote hapo na mipira ileile miwili, na nyuma yake ameketi mama mwenye mutoto mugongoni.

Watu wengi wakinunua mupira wanauliza maneno mawili: bei gani, na marke gani. Ni maulizo mazuri, lakini hayatoshi. Katika habari hii tunaeleza namna ya kuchagua mupira kufuatana na njia na muzigo, namna ya kusoma yale maandishi ya ubavuni, na kazi ya kufanya kabla mupira haujabeba mutu. Jambo moja tunataka likae kichwani: mupira wa bei kali uliofungwa vibaya na wenye upepo mubaya unashindwa na mupira wa bei ya kati uliotayarishwa vizuri.

Kiganja kimoja njo kinashika njia

Moto nzima, pamoja na shofere, abiria na mizigo, inagusa udongo kwa sehemu mbili tu. Kila moja ni kubwa karibu sawa kiganja cha mukono. Kukunja kona, kusimama gafula, kukwepa kinga au mbuzi, yote yanafanyika juu ya viganja hivyo viwili.

Mupira wa nyuma ndio unaosukuma moto na kubeba sehemu kubwa ya muzigo, kwa hiyo unaisha mbio. Mupira wa mbele unaongoza, na wakati wa kufunga freni uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo unafanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Mupira wa nyuma ukiteleza, shofere mwenye uzoefu mara nyingi anaweza kuokoa moto. Wa mbele ukiteleza, hana wakati: watu wako chini. Hii ndiyo sababu haifai kusema, "Huu umezeeka, nitauweka mbele, kule hakuna muzigo." Mbele njo pahali pa mupira wenye meno mazima.

Meno gani kwa njia gani

Kuko aina tatu kubwa sokoni.

Ya kwanza ni mupira wa kaburimbo. Meno yake ni mafupi, yamekaribiana, na mara nyingi ule wa mbele uko na mistari mirefu inayozunguka. Kwenye kaburimbo na udongo mugumu mukavu unashika vizuri na unadumu. Ile mistari ni ya kutoa maji chini ya mupira. Lakini katika matope inajaa mara moja, na mupira unakuwa laini sawa ndizi iliyomenywa.

Ya pili ni mupira wa meno marefu yenye nafasi kubwa. Huu unauma matope, na zile nafasi zinatupa matope nje kila mara gurudumu linapozunguka. Lakini kwenye udongo mugumu yale meno marefu yanakunjama, moto inatikisika, freni inakuwa ya mbali zaidi, na meno yanaisha upesi. Shofere anayetumika zaidi katikati ya muji anapoteza pesa akinunua huu.

Ya tatu ni mupira wa katikati: meno mapana, marefu kiasi, yenye nafasi inayoonekana lakini si kubwa. Haushindi ile mingine miwili pahali pake, ila hauanguki vibaya popote. Kwa mutu anayetoka Katoto kwenda katikati ya muji, kisha anapata abiria wa kijiji, huu ndio unaofaa zaidi mwaka muzima. Wengine wanafunga wa katikati mbele na wa meno marefu nyuma wakati wa mvua. Hilo linawezekana, ikiwa ukubwa wa mipira ni ule ulioandikwa kwa moto yako.

Na muchanga? Hapa watu wanadanganyika. Katika muchanga laini, meno marefu pekee hayatoshi, maana yanaweza kuchimba tu na moto ikazama. Kinachosaidia ni kiganja kuwa kipana zaidi na shofere kukaa na mwendo wa taratibu usiokatika. Habari ya kupunguza upepo ili kupita muchanga tutaizungumza chini, maana iko na hatari yake.

Kusoma ubavu wa mupira

Ubavuni mwa mupira kuko barua nzima. Tuchukue mufano wa maandishi haya: 3.00-17 6PR 50P TT.

3.00 ni upana wa mupira, karibu inchi 3. 17 ni ukubwa wa janti, inchi 17. Moto nyingi ndogo za kazi ziko na 2.75 mbele na 3.00 nyuma, na janti ya 17 au ya 18. Mupira wa 17 hauwezi kufungwa kwenye janti ya 18, na kuulazimisha kunavunja waya wa chuma ulio ndani ya ukingo wake. Mingine inaandikwa kwa milimita, kama 90/90-18: upana wa milimita 90, kimo cha ubavu asilimia 90 ya ule upana, janti ya 18.

6PR ni alama ya nguvu ya mwili wa mupira. Namba ikipanda, mupira umejengwa kwa kubeba zaidi. Haina maana kwamba ndani kuko vitambaa 6 vya kweli. Ni kipimo tu.

50P ndiyo namba ambayo shofere wa taxi anapashwa kuangalia kwanza, na ndiyo wengi wanaipita. 50 inaonyesha uzito wa juu ambao mupira mumoja unaweza kubeba: kilo 190. Namba 47 ni kilo 175, namba 43 ni kilo 155, namba 41 ni kilo 145. Herufi inaonyesha mwendo: P ni kilomita 150 kwa saa, L ni 120, J ni 100. Kwa njia zetu herufi si shida. Namba ya uzito njo shida.

TT ni mupira unaoomba mupira wa ndani. TL ni ule usioomba. Janti yenye njiti za chuma, kama ya moto nyingi za hapa, inaomba mupira wa ndani, maana upepo ungetoka kwenye matundu ya zile njiti.

Kuko tena mushale. Unaonyesha upande ambao gurudumu linapashwa kuzungukia. Mupira uliofungwa kinyume unatembea, lakini meno hayatoi maji na matope namna yalivyokusudiwa.

Mwisho, tafuta neno DOT, na mwisho wa mustari wake namba 4. Ikiwa imeandikwa 2323, mupira umetoka kiwandani juma la 23 la mwaka wa 2023.

Hesabu ya abiria wa pili

Sasa tuchukue ile namba 50 na tufanye hesabu. Tuseme moto yenyewe iko na kilo 115, shofere kilo 65, abiria mumoja kilo 65. Jumla ni kilo 245. Kwa kukadiria, karibu sehemu mbili kwa tatu za uzito zinaketi nyuma: ni kilo 163. Mupira wa 190 unabeba bila shida.

Ongeza abiria wa pili wa kilo 65. Jumla ni 310, na nyuma kunakuwa kilo 207. Tumepita. Ongeza mufuko wa bukari wa kilo 25: jumla 335, nyuma 223. Sasa mupira unabeba kilo 33 zaidi ya nguvu zake, na bado hujaingia katika shimo. Shimo linazidisha uzito kwa gafula.

Mupira haupasuki siku ileile. Ubavu unakunjama kila muzunguko, unapata joto, nyuzi za ndani zinachoka, na siku moja, pengine ukiwa na abiria mumoja tu, unaachia. Watu wanasema, "Ni bahati mbaya." Kumbe ilikuwa ni deni la miezi mingi. Hatusemi hivi juu ya kumuhukumu shofere; tunajua bei ya maisha. Tunasema ili kila mutu ajue kile anachokopa na nani atakilipa.

Kununua sokoni kwa macho na kucha

Mupira unazeeka hata bila kutembea. Jua, joto na hewa vinaukausha. Mupira uliotundikwa nje ya duka miezi mingi unaweza kuwa na meno yote na bado kuwa mugumu. Mambo ya kufanya mbele ya muuzaji ni haya:

Bonyeza kucha katika jino la mupira. Kucha inapashwa kuingia kidogo na alama kurudi. Ikiwa ni sawa kubonyeza mbao, acha.

Kunja ubavu kwa mikono miwili na uangalie katikati ya meno. Ukiona mistari midogo ya kupasuka, mupira umekauka.

Pitisha vidole ndani. Kusiwe na kiraka, nyuzi zinazoonekana, wala uvimbe. Kisha angalia ukingo wenye waya: ukiwa umepinda au waya umetokea, mupira huo hautakaa vizuri kwenye janti.

Soma tarehe. Ikiwa ile namba imefutwa kwa kisu au kwa moto, muuzaji anajua juu ya nini.

Kuko na mipira ya zamani ambayo watu wanaichonga meno mapya kwa kisu chenye moto. Kwa macho ni mizuri. Lakini mupira wa moto ndogo ni mwembamba, na yale meno mapya yamechongwa katika nyama iliyokuwa inafunika nyuzi. Hapo musumari hauhitaji nguvu. Mupira kama huo usibebe mutu.

Wa mashindano wanajua nini?

Watu wanaofikiri sana juu ya mipira ni wa mashindano. Kwa jirani zetu wa Kenya kuko Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka wa 1953 na wakati ule yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, upande wa Naivasha, madereva walikuta mambo tunayoyajua hapa: mawe, matope ya gafula, na muchanga laini sawa unga. Mwaka wa 2022 magari ya Toyota yalichukua nafasi ine za kwanza, na wapinzani wao wa Hyundai na Ford walikuwa juu ya mipira ya mutengenezaji uleule, Pirelli. Kila timu ilipashwa kuchagua kati ya mupira mugumu na mupira laini: mugumu kwa mawe na joto, laini kwa matope na njia yenye maji. Ukichagua mugumu na mvua inyeshe, unateleza. Ukichagua laini na mvua ikatae, meno yanaisha mbele ya mwisho.

Kuko hata mashindano ya magari madogo ya umeme yanayoongozwa kwa rimoti, gari likiwa dogo mara 10 kuliko la kweli. Ubingwa wa dunia wa magari hayo, aina ya touring, ulifanyika Afrika mwaka wa 2018, kule Welkom, Afrika ya Kusini, na Mureno Bruno Coelho alishinda. Vile vigari havitii upepo katika mipira. Ndani kuko sifongo. Mipira inaandikwa namba ya ugumu, kwa mufano 28 kwa njia ya baridi na 36 kwa njia ya joto. Na katika mashindano makubwa kama hayo sheria inatoa mupira wa aina moja kwa wote. Basi ushindi unatoka wapi? Pamoja na mukono wa dereva, unatoka katika matayarisho. Wanasafisha mupira, wanaubandika kwenye janti kwa gundi bila kuacha nafasi, wanaupaka dawa ya kuulainisha, na wanaupasha joto kabla ya kuanza.

Somo letu liko hapo. Sokoni Kamina, shofere kumi wanaweza kununua mupira wa aina moja siku moja. Mumoja atautumia kwa muda murefu, mwingine atarudi upesi. Tofauti iko katika kuufunga na katika upepo. Lakini ile dawa ya kulainisha tuwaachie wenyewe. Mupira wao unatumika kwa dakika chache, wetu unatumika kwa miezi. Wale wanaopaka mazuti, mafuta ya moto ya zamani au mafuta ya freni ili mupira ungae, wanaoza mupira na wanaufanya uteleze.

Kazi ya kufunga: simama karibu na kwado

Kwado mwenye ujuzi hatakasirika ukisimama kuangalia. Hatua ni hizi.

Kwanza, janti. Isuguliwe kutu, na kila kichwa cha njiti kiangaliwe kwa kidole. Kichwa kikali kinatoboa mupira wa ndani polepole. Juu yake inakaa utepe wa mupira unaozunguka janti. Ukiwa umekatika, ubadilishwe, au ukatwe mwingine katika mupira wa ndani wa zamani. Njiti iliyolegea ikazwe sasa, maana baadaye utafungua tena.

Pili, mupira mupya wa nje unaomba mupira mupya wa ndani, wa namba ileile. Ule wa zamani umekwisha kunyooka. Ndani ya mupira mupya utajikunja, na pale kwenye mukunjo njo utakatika. Ikiwa pesa haitoshi na unarudisha wa zamani, usiwe na viraka vilivyokaribiana wala karibu na valve.

Tatu, poda kidogo ndani, ile ya talki. Inasaidia mipira miwili isishikane na isisuguane. Kabla ya kuingiza mupira wa ndani, tia upepo kidogo tu ili ukae muviringo. Hapo vyuma vya kufungulia haviupati kirahisi.

Ine, ukingo upakwe maji ya sabuni. Si mafuta, si petroli. Petroli inakula mupira, na mafuta yanaufanya uzunguke juu ya janti.

Tano, kama mupira uko na alama ndogo ya rangi ya muviringo, mara nyingi ya njano, iwekwe karibu na valve. Pale njo upande mwepesi wa mupira, na valve iko na uzito wake. Gurudumu litatikisika kidogo zaidi.

Sita, valve isimame wima. Ile nati yake isikazwe mpaka kwenye janti. Iache juu, karibu na kofia. Juu ya nini? Mupira ukianza kuteleza juu ya janti, valve italala upande na utaona mapema. Ukiwa umekaza nati, hutaona kitu mpaka valve ikatike, na upepo wote utoke mara moja.

Saba, jaza upepo taratibu na uzungushe gurudumu. Karibu na janti kuko mustari mwembamba kwenye ubavu wa mupira. Unapashwa kuwa na nafasi sawa pande zote. Pahali unapozama, mupira haujakaa: toa upepo, paka sabuni, anza tena. Usipite upepo wa juu ulioandikwa ubavuni ili kuulazimisha. Kisha angalia mushale, kaza ekseli, na ujaribu freni kabla ya kuondoka.

Baada ya hapo mupira mupya bado haujawa tayari. Ngozi yake ya juu inatoka kiwandani ikiwa laini na yenye utelezi. Uoshe na maji ya sabuni, na kilomita 100 za kwanza tembea taratibu: kona bila kulala sana, freni bila gafula. Mupira wa mbele hasa usibadilishwe asubuhi na kupewa mbio za abiria palepale.

Upepo njo unabeba

Watu wanafikiri kaucu ndiyo inabeba muzigo. Sehemu kubwa inabebwa na upepo. Kaucu inaushikilia tu. Upepo ukipungua, ubavu unakunjama, joto linapanda, na mupira wa ndani unavutwa mpaka valve inakatika. Upepo ukizidi, kiganja kinakuwa kidogo, moto inaruka juu ya mawe, na meno ya katikati yanaisha wakati ya pembeni bado mapya.

Kwa moto nyingi ndogo za kazi zinazotoka India, vipimo viko karibu hivi: mbele bari 1.75, nyuma bari 2 kama shofere iko peke yake, na bari 2.25 kama kuko abiria. Kwado wengi wanasema "kilo" pahali pa bari; tofauti ni ndogo. Bari moja ni karibu 14.5 kwa vipimo vinavyoandikwa PSI, kwa hiyo 2.25 ni karibu 32. Kipimo cha kweli cha moto yako kiko katika kitabu chake, na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na munyororo. Soma pale kwanza.

Kupima kwa kidole gumba au kwa kupiga teke hakutoshi. Mupira wa ubavu mugumu wenye bari 1.5 unaweza kudanganya kidole cha fundi. Mashofere watano wa parkingi moja wanaweza kuchanga na kununua kipimo kimoja kidogo cha mukono.

Pima asubuhi, mupira ukiwa wa baridi. Baada ya kazi ya saa nyingi upepo unapanda juu ya joto, na hiyo ni kawaida. Ukitoa upepo wakati mupira uko moto, kesho asubuhi utakuwa chini.

Sasa ile habari ya muchanga. Ndiyo, ukipunguza upepo kiganja kinapanuka na moto inapita vizuri. Wa mashindano ya pikipiki za vumbi wanafanya hivyo, lakini wao wanafunga ndani ya janti kifaa kinachoshika ukingo wa mupira usizunguke. Sisi hatuna. Kwa hiyo, ukiwa peke yako na sehemu ya muchanga ni ndefu, punguza kidogo, tembea taratibu, na urudishe upepo mara tu unapotoka. Ukiwa na abiria, usipunguze. Mushushe atembee hatua chache. Ni heshima kwake, si haya kwako.

Na kinga za muzigo?

Kinga zinazobeba makala, mahindi na mihogo ziko na sheria ileile. Kinga nyingi nyeusi za zamani zinatumia mupira wa 28 x 1½, na karibu na hapo unaweza kusoma 40-635: milimita 40 za upana, na milimita 635 za janti. Ile 635 njo ya kuamini, maana kuko mipira mingine ya "28" ambayo haiingii kwenye janti hiyo. Upepo wa kinga ni mwingi kuliko wa moto, kwa sababu mupira ni mwembamba; soma ubavuni na ukaribie ile namba ya juu kwa gurudumu la nyuma. Kinga yenye muzigo na upepo mudogo inakata mupira wa ndani sehemu mbili zinazoangaliana, sawa nyoka ameuma. Ukiona alama ile, si musumari: ni upepo.

Mupira ni wa nani?

Moto nyingi ziko na mwenyewe, na shofere anatoa versement. Hapa njo magomvi yanazaliwa. Mwenye moto anasema mupira umeishia mikononi mwa shofere. Shofere anasema moto si yake. Wakati wanabishana, mupira umeisha na moto inaendelea kubeba watu.

Ni vizuri watu hao wawili wapatane siku ya kwanza, mbele ya mushahidi, juu ya mambo matatu: nani ananunua mupira, nani analipa kwado, na mupira unabadilishwa ukifika wapi. Kwa jambo la tatu, mupira wenyewe unajibu. Ubavuni kuko herufi TWI au alama ndogo ya pembe tatu. Fuata alama ile mpaka katikati ya meno: utaona kitu kidogo kimeinuka chini kabisa. Meno yakifika sawa na pale, mupira umekwisha. Hakuna haja ya kubishana. Wengine wanaweka kando pesa kidogo za kila juma kwa ajili ya mupira, kama likelemba ya watu wawili, na siku inapofika hakuna anayelia.

Na wewe abiria, mama au papa unayesimama kwenye parkingi, uko na haki ya kuangalia. Kabla ya kupanda, tupa jicho mbele, si nyuma. Ikiwa mupira wa mbele ni laini sawa kichwa cha mutoto muchanga, mwambie shofere kwa upole, "Yaya, leo nitangoja mwingenye." Ukimwambia na abiria wa pili naye akimwambia vilevile, jioni ile atapita kwa kwado.